Draiva Asiye na Leseni

Mama yangu mdogo wa Tabata anaamini mimi ni dereva. Mwaka jana, kwa kujisahau, nilimwambia kwamba siku hizi naandika madraiva. Akauliza la gari gani, nikasema la mteja, basi mambo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo kila nikimpigia simu ananikumbusha kufunga mkanda. Nimeacha kumsahihisha, maana ukitazama vizuri hajakosea sana. Chombo ni cha mtu mwingine, mimi nimepewa ufunguo kwa muda, na kikigonga, wa kwanza kuulizwa ni mimi.

Nimeombwa na wahariri niandike kuhusu kazi hii kwa sababu kuna wenzetu wa kompyuta na wa elektroniki wanaouliza inaanzwaje. Wengi wetu tukishika programu tunakimbilia tovuti na aplikesheni za simu. Si vibaya, huko ndiko zilipo kazi nyingi. Lakini huko chini, pale msimbo unapogusana na waya, watu ni wachache, na mwanafunzi mwenye multimita na subira anaweza kupata kazi za mkataba kabla hajavaa joho. Anaweza pia kulizwa vizuri tu. Nitaeleza yote mawili.

Tuanze na jambo lenyewe. Mita ya LUKU ukutani ni kompyuta. Mashine ya EFD inayotoa risiti dukani ni kompyuta, na king'amuzi cha sebuleni vilevile. Hizi ndizo kompyuta zilizopachikwa: hazina kibodi wala mtu anayeziita kompyuta, zimefungiwa ndani ya kifaa na kazi yao ni moja. Ndani yake kuna chipu kuu, na kuizunguka kuna chipu nyingine ndogondogo: ya saa, ya kupima joto, ya redio, ya kuhifadhi data. Chipu kuu haijui chochote kuhusu hizo nyingine. Lazima mtu aandike programu inayojua kwamba chipu ya joto inaamshwa hivi, inaulizwa hivi, na majibu yake yanasomwa hivi. Programu hiyo ndiyo draiva. Kwa wanaotumia Linux, zaidi ya nusu ya msimbo wote wa keneli ni madraiva. Linus Torvalds alipotangaza mfumo wake Agosti 1991 aliwaambia watu ni kitu cha kujifurahisha tu. Kilichoufanya uenee hadi kwenye ruta na televisheni ni maelfu ya watu waliokaa na chipu mojamoja na kuieleza kwa keneli.

Draiva linaongea na chipu kupitia rejista. Usitishwe na neno. Fikiria chipu kama jengo la masanduku ya posta: kila sanduku lina namba na linabeba baiti moja. Ukiweka namba fulani kwenye sanduku fulani chipu inaamka, ukiweka nyingine inalala. Ukifungua sanduku jingine unakuta kipimo cha joto. Orodha ya masanduku hayo imo kwenye datashiti, kitabu cha mtengenezaji chenye kurasa kadhaa hadi mamia, na kusoma datashiti ndiyo kazi yenyewe. Kuandika msimbo ni sehemu ndogo. Tulisoma lugha ya C mwaka wa pili, mtihani kwenye karatasi, na nilipata alama nzuri. Ila hakuna aliyewahi kunipa datashiti na kuniambia nisome ukurasa wa 27 mara tatu. Madesa yetu hayafiki huko.

Sasa nije kwenye kazi iliyonifundisha.

Bwana mmoja mwenye maghala ya mahindi alitaka maboksi 12 ya kupima joto na unyevu wa hewa ndani ya maghala yake. Kila boksi lina bodi ndogo ya Linux, lina sensa, na linatuma vipimo kwenye simu yake. Bodi alikuwa tayari anazo, alizinunua kwa jumla, na zilikuja na keneli ya zamani ya mfululizo wa 3 iliyotengenezwa na kiwanda cha bodi. Keneli hiyo haikuwa na draiva la sensa aliyoitaka, BME280 ya kampuni ya Bosch, ambayo inapima joto, mgandamizo wa hewa na unyevu. Keneli mpya zinalo. Hii ndiyo kazi ya mkataba utakayokutana nayo mara nyingi: si kuvumbua, ni kumleta mgeni wa leo kwenye nyumba ya jana.

Kwa nini unyevu? Mahindi yakihifadhiwa yakiwa mabichi kuliko takriban asilimia 13.5 ya unyevu, au hewa ya ghala ikiwa nzito kwa muda mrefu, kuvu huota, na baadhi ya kuvu hizo hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo namba ya unyevu kwenye simu ya yule bwana haikuwa pambo. Kuna mtu mahali fulani angekula ugali kutokana na uamuzi uliofanywa kwa namba hiyo.

Nikamwambia siku 10. Bei moja, kazi nzima. Zingatia sentensi hiyo, nitairudia.

BME280 inaongea kwa I2C, njia ya mawasiliano iliyobuniwa na Philips mwaka 1982. Ni waya mbili tu: SDA unabeba data, SCL unapiga mdundo wa saa. Chipu nyingi zinaweza kushiriki waya hizo hizo kama abiria wa daladala, na kila moja ina anwani yake ya biti 7. Chipu kuu inaita anwani, mwenye anwani anajibu kwa kuvuta SDA chini, mazungumzo yanaanza. Asipojibu mtu, SDA unabaki juu, na draiva linajua kwamba aliyeitwa hayupo. BME280 inakaa kwenye 0x76 au 0x77, kutegemea pini moja imeunganishwa wapi. Hapo ndipo wengi hujikwaa mapema: saa ya DS3231 na sensa ya mwendo MPU-6050 zote huitikia 0x68, kwa hiyo ukiziweka kwenye waya mmoja bila kubadilisha kitu utaita mmoja wataitika wawili. MPU-6050 ina pini ya kuihamishia 0x69. Saa haina. Mambo kama haya hayaonekani kwenye msimbo hata ukikesha. Yako kwenye datashiti na kwenye waya.

Bwana huyu alinipa sensa moja ya mfano. Siku ya tatu joto lilikuwa linasomeka vizuri, na mgandamizo pia. Unyevu ukagoma. Namba ghafi ilikuwa ile ile kila saa, asubuhi, mchana, hata nikipulizia pumzi: 0x8000. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha bodi. Niliandika upya kitendakazi kizima cha kusoma. Siku mbili zikaenda.

Jibu lilikuwa mistari miwili ya datashiti niliyoipita mbio. Mpangilio wa unyevu unawekwa kwenye rejista 0xF2, ila chipu haiutii mpaka uandike pia kwenye rejista 0xF4, ile ya kuanzisha upimaji. Mimi nilikuwa naandika 0xF4 kwanza, 0xF2 baadaye. Kwa hiyo chipu ilikuwa inaruka upimaji wa unyevu kila mara, na kipimo kinaporukwa chipu inaweka 0x8000 kama alama ya "sikupima". Nikageuza mistari miwili, nikapulizia, namba ikapanda. Nilipiga kelele usiku ule hadi jirani akagonga ukuta.

Tazama hatari iliyokuwapo. 0x8000 ni namba. Ukiipitisha kwenye fomula ya ukokotoaji bila kuitazama, inaweza kutoa asilimia inayoonekana ya kawaida kabisa. Laiti ningeangalia tokeo la mwisho tu, bila kuangalia namba ghafi, ningefurahi kwamba unyevu unasomeka na kwenda kulala. Tangu hapo draiva langu linaikagua 0x8000 kwanza, na likiikuta linarudisha kosa badala ya asilimia.

Jambo jingine kuhusu usomaji: kipimo cha joto kinachukua biti 20, yaani kimegawanyika kwenye rejista tatu. Ukizisoma moja moja kwa safari tatu, chipu inaweza kumaliza kipimo kipya katikati, ukajikuta na kichwa cha kipimo cha zamani na mkia wa kipya. Datashiti inashauri uzisome zote kwa mkupuo mmoja, na wakati wa mkupuo chipu yenyewe inahakikisha vipande havichanganyiki. Hitilafu ya aina hii hutokea mara moja kwa siku, labda mara moja kwa wiki, na ukiambiwa na mteja "jana saa tisa usiku joto liliruka" utadhani anaota.

Waliosoma mifumo endeshi watauliza: intarapti je? BME280 haina pini ya kubisha hodi, kwa hiyo unaiamuru ipime, unasubiri muda uliotajwa, unasoma. Lakini chipu nyingi zinayo. Tofauti ni kama ya mgeni. Unaweza kwenda kufungua mlango kila dakika kuona kama kafika, au ukaendelea na shughuli zako mpaka usikie hodi. Hodi ni bora, ila ina adabu zake. Keneli ikisikia hodi inaacha kila kitu na kukimbilia mlangoni, na akiwa pale mlangoni mshughulikiaji haruhusiwi kusinzia wala kusubiri chochote. Mawasiliano ya I2C yanasubiri. Kwa hiyo ukimsoma mgeni palepale mlangoni kupitia I2C, mfumo mzima unaweza kuganda. Unachofanya ni kusema "karibu, nimekusikia", kisha unaikabidhi kazi yenyewe kwa uzi mwingine unaoruhusiwa kusubiri. Nimeona msimbo wa watu wazima wenye mishahara ukikosea hapa.

Na si watu wa mtaani tu. Mwaka 1997 chombo cha NASA, Mars Pathfinder, kilitua salama kwenye Mars, kisha kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha upya. Chanzo kilikuwa kazi ya daraja la chini iliyoshika kufuli la kutumia njia ya data ya pamoja. Kazi ya daraja la juu ikawa inalingoja kufuli hilo, na kazi za daraja la kati zikapita katikati na kumzuia mwenye ufunguo asimalize. Wahandisi waliigundua kwa kutumia nakala ya chombo waliyokuwa nayo duniani, na wakarekebisha kwa kutuma mabadiliko kutoka huku. Nakala ya chombo. Likumbuke hilo tukifika kwenye mkataba.

Narudi kwa bwana wa maghala. Siku ya tisa nikamkabidhi draiva, likafanya kazi mbele yake, akafurahi, akanilipa nusu. Akasema zile sensa nyingine atazinunua mwenyewe. Wiki iliyofuata akanipigia.

"Kijana wangu, draiva lako limekufa."

"Shikamoo mzee. Limekufaje?"

"Marahaba. Maboksi manne yanafanya kazi, manane yamegoma kabisa. Tena nimefunga vilevile ulivyonionyesha."

Nikaenda. Kwenye logi ya keneli kila boksi lililogoma lilikuwa na mstari mmoja nilioandika mimi mwenyewe, karibu nimeusahau: nimetegemea kitambulisho 0x60, nimekuta 0x58. Chipu hizi zina rejista ya utambulisho, 0xD0. BME280 inajibu 0x60. Inayojibu 0x58 ni BMP280, ndugu yake, anayefanana naye kwa umbo la moduli, anayepima joto na mgandamizo vizuri kabisa, ila hana kipima unyevu. Rejista za unyevu za BME280 ni 0xFD na 0xFE. Datashiti ya BMP280 inaishia 0xFC. Bwana alikuwa ameuziwa BMP280 nane kwa bei ya BME280, kwenye vifuko vilivyoandikwa BME280. Muuzaji sitamtaja, na inawezekana kabisa naye aliuziwa hivyohivyo. Mchanganyiko huu umeenea dunia nzima, si kwetu tu.

Usiku ule nikamweleza mwenzangu wa chumbani. Naye ni mtu wa kompyuta, tena kichwa. Akaniambia, "Mwanangu, unajitesa bure. Futa huo mstari wa kukagua kitambulisho. Kwenye unyevu piga hesabu yoyote, chukua joto, ongeza, toa, weka kati ya hamsini na sitini. Mzee anataka kuona namba. Amezoea kuishi bila namba miaka yote, hii itamdhuru nini?"

Sitadanganya kwamba nilimfokea. Nilikaa kitandani nikafikiria. Bumu lilikuwa limeisha, nusu ya pili ya malipo ilikuwa inaning'inia kwenye maboksi nane, na badiliko lenyewe lilikuwa mistari minne. Na ukweli wa kutisha ni kwamba hakuna ambaye angejua. Mtumiaji haoni draiva. Anaona asilimia 54 kwenye simu. Aplikesheni ikikosea kitufe hakibonyezeki, watu wanalalamika, unarekebisha. Draiva likisema uongo, kila kilichojengwa juu yake kinaurudia uongo huo kwa heshima zote, na grafu nzuri juu yake.

Kilichonizuia kilikuwa kitu kidogo sana. Nilijaribu kuandika ile fomula ya uongo, na ikabidi niipe kitendakazi jina. Nikakaa pale nimeangalia skrini, sina jina. Nikafunga kompyuta.

Asubuhi nikampigia yule bwana nikamweleza kila kitu: maboksi yako manane hayana kipima unyevu, draiva halijafa, linakataa kusema kitu ambacho chipu haikijui. Akakasirika, na hasira yake ilikuwa na mantiki. "Sasa mimi nilikulipa unipe unyevu. Hayo ya chipu ni yako na muuzaji." Mkataba wetu ulikuwa ujumbe wa simu wenye mistari sita. Haukusema nani ana jukumu la kununua sensa, wala kazi inahesabika imekwisha lini. Mimi niliamini imekwisha siku ya tisa. Yeye aliamini itakwisha maboksi 12 yakisoma unyevu. Kwa ujumbe ule, wote wawili tulikuwa sahihi.

Tuliishia kugawana. Yeye akanunua sensa nyingine, mimi nikazipima moja moja dukani kabla hajalipa, nikaongeza siku za kuzifunga upya bila malipo. Jumla nilitumia siku 23 kwa kazi niliyoikadiria siku 10. Katika hizo 23, kuandika msimbo kulichukua siku nne hivi. Nikigawa pesa kwa siku, kijana anayebeba zege alinizidi.

Kwa hiyo, mkataba. Siku hizi naugawa mara mbili. Sehemu ya kwanza ni ya uchunguzi, fupi, inalipwa peke yake: nasoma datashiti, naangalia keneli iliyopo, najaribu kuipata chipu ijibu kitambulisho chake tu, kisha natoa ripoti ya kurasa mbili na makadirio. Mteja akiona bei ya sehemu ya pili ni kubwa, tunaachana kwa amani na mimi nimelipwa jasho langu. Sehemu ya pili ina adivansi, na ina maelezo ya neno "imekwisha" kwa vitu vinavyopimika: draiva linapakiwa kwenye keneli fulani, linasoma kila sekunde 60 kwa saa 72 bila kosa, kwenye bodi tatu alizonipa mteja, zenye chipu za namba fulani. Chipu ikiwa tofauti na iliyoandikwa, hiyo ni kazi mpya.

Bodi tatu sikuzitaja kwa bahati. Omba nyingi kuliko unazohitaji. Moja utaiunguza, hilo litokee au lisitokee lihesabu limetokea. Ya pili ni ya kazi. Ya tatu usiiguse: ndiyo utakayoilinganisha siku mteja akisema kwangu haifanyi kazi. NASA walikuwa na nakala, nawe uwe nayo.

Ukipata mteja wa nje mambo yanabadilika kidogo. Bodi yaweza kukaa forodhani kuliko muda wa mradi wenyewe, na gharama ya kuikomboa lazima ijulikane ni ya nani kabla haijapanda ndege. Njia nyingine ni bodi kubaki mezani kwa mteja nawe ukaiingia kwa intaneti. Hapo sharti upate vitu viwili: konsoli ya siriali, ili uione bodi hata keneli inapokufa kabla ya kuwaka, na swichi ya umeme unayoweza kuizima na kuiwasha kutoka mbali. Bila hiyo swichi, ukiigandisha bodi Ijumaa jioni yao utasubiri mpaka Jumatatu mtu aje kuchomoa waya.

Suala la siri pia litakuja. Mteja atakuambia msimbo ni mali yake na usionekane na mtu. Keneli ya Linux iko chini ya leseni ya GPL toleo la 2. Ukichukua msimbo wa keneli, ukaubadilisha, kisha mteja akauza maboksi yenye msimbo huo, anayenunua boksi ana haki ya kupata msimbo chanzo. Mweleze mapema, kwa maandishi. Wengi wakielezwa hawana shida, maana biashara yao ni boksi, si draiva. Wasioelewa ni bora wakukimbie mwanzoni. Na usisahau TIN. Kampuni yoyote iliyonyooka itakuomba kabla ya kukulipa, na kuitafuta wakati ankara iko mezani ni aibu.

Kuhusu kujifunza, nitasema kwa haraka kwa sababu njia si ya siri. Nunua bodi moja ya Linux na sensa moja ya I2C. Tafuta na kichanganuzi cha mawimbi cha chaneli 8, vile vya bei ndogo vinavyofanya kazi na programu huria ya PulseView. Siku utakayoona kwa macho yako anwani ikiitwa na SDA ukivutwa chini, nusu ya woga itakwisha. Kitabu cha Linux Device Drivers, toleo la tatu la mwaka 2005, kinapatikana bure na waandishi wake ni Jonathan Corbet, Alessandro Rubini na Greg Kroah-Hartman. Kinaeleza keneli ya 2.6, kwa hiyo mifano mingi haitakubali kukompailiwa leo. Kisome kwa fikra, msimbo wa leo uutazame kwenye keneli yenyewe. Draiva la BMP280 na BME280 limo humo, kwenye folda ya vipimo vya mgandamizo, na ukilisoma utakuta linakagua kitambulisho vilevile.

Humo ndani kuna pia folda iitwayo staging, iliyoanza mwaka 2008, ambako madraiva ambayo hayajakomaa huwekwa yasafishwe. Ni mahali pazuri pa kuanzia. Rekebisha kitu kidogo, kipitishe kwenye checkpatch, kitume kwa barua pepe ya maandishi matupu. Utakosolewa bila "samahani" wala "pole". Usilie. Marekebisho yakikubaliwa, jina lako linabaki kwenye historia ya keneli na mteja yeyote duniani anaweza kulitafuta. Wateja wangu wawili wa mwisho hawakuuliza GPA yangu. Nashukuru, maana muhula ule wa maghala ulinipa sapu moja.

Maboksi ya yule bwana bado yanasoma. Alitaka sensa ikae mita 6 kutoka kwenye bodi, nikamwambia I2C ilitengenezwa kwa ajili ya chipu zilizo kwenye bodi moja, waya mrefu unajaza uwezo wa kuhifadhi chaji unaotakiwa usizidi pikofaradi 400, na mawimbi yanalegea. Tukakubaliana mita moja na kasi ndogo. Mwezi uliopita akanipigia tena, sauti ile ile. Boksi la ghala la nyuma limeacha kutoa namba. Nikamwomba anisomee logi, akasoma kwa taabu herufi kwa herufi: hakuna anayejibu kwenye 0x76. Nikamwambia, mzee, nenda kaangalie waya.

Panya alikuwa ameukata SDA.

"Sasa hili draiva lako," akasema, "lilijuaje?"